Halbadiri na Shahidi Aliyekaa Kimya

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, jirani yangu hapa Mikindani alinifuata barazani akaniomba mchango. Kiwanja cha dada yake kimeingiliwa. Mtu amehamisha mawe ya mpaka usiku, na kulipokucha msingi wa nyumba ulikuwa umeshaanza kuchimbwa. Familia imeamua kusoma halbadiri, kisomo cha kumshitakia Mungu aliyedhulumu. Nikamwuliza kama wamekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema walikwenda, lakini kila wanayemwomba aje aseme anachokijua anawajibu, "Mwachieni Mungu."

Neno hilo limenikosesha raha. Nilishalisikia zamani, na najua lilificha nini.

Miaka 15 hivi iliyopita mama yangu mdogo alifiwa na mumewe kijijini kwao, wilaya ya Tandahimba. Shamba lao la mikorosho lilikuwa na pande mbili na kila mtu kijijini alijua. Upande wa bondeni ulikuwa wa marehemu. Upande wa juu mama mdogo alipewa na mjomba wake kabla hajaolewa, akapanda miche kwa mkono wake. Hata arobaini haijafika, wapwa wa marehemu wakaja. Kwa mila za Kimakonde mpwa ana sauti kubwa kwenye mali ya mjomba wake, na vijana wale walisema mikorosho yote, bondeni na juu, ni yao. Kwa dini yetu mjane mwenye watoto ana thumni yake na watoto wana mafungu yao, na hayo ni katika mali ya marehemu tu. Upande wa juu haukuwa mirathi hata kidogo. Elimu ya kulijua hilo ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema.

Wanawake waliopalilia naye miaka yote walinyamaza. Kibarua aliyempulizia salfa kila msimu, aliyejua ni mkorosho upi huanza kushikwa na ubwiriunga, ule ukungu unaokula maua, alisema yeye ni kibarua tu. Mimi nilikuwa na miaka 19, na likizo zangu zote nilikuwa nikiokota korosho upande ule wa juu. Baba aliniambia nisijiingize katika mambo ya ukoo wa watu, nami nikatii upesi, kwa kuwa nilitaka kutii. Nilitumwa dukani kununua ubani. Wazee walikuwa wamekubaliana isomwe halbadiri.

Sisi wa Kusini tunakijua kisomo hiki na hofu yake. Wapo wezi waliorudisha mali kwa kusikia tu kwamba kitasomwa. Masheikh wamekhitilafiana juu ya kisomo chenyewe na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachotazama ni majina yanayotajwa pale. Ni majina ya watu wa Badri, watu 313 hivi waliotoka Madina katika Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria wakakutana na jeshi la Makka lililowazidi karibu mara tatu. Mungu aliwanusuru, lakini aliwanusuru wakiwa wamesimama uwanjani, tena mbele ya jamaa zao wenyewe, maana wengi waliohama Makka walikuwa na ndugu, wajomba na hata wazazi katika safu ile ya pili. Hata Sayyidna Uthmani, anayehesabiwa miongoni mwao ingawa hakufika, alibaki Madina kwa amri ya Mtume amuuguze mkewe Rukia. Hakubaki kwa kuogopa lawama za ukoo. Sasa sisi tunakaa mkekani, tumefunga vinywa kwa kuogopa wapwa wa mtu, tunayataja majina hayo tukitaka yatusemee.

Qur'ani imelisema hili waziwazi katika Suratun Nisaa, aya ya 135: walioamini wasimamishe uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili ya Mungu, hata ukiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na mwisho wa Suratul Baqara, aya ya 283, imeonya kwamba anayeficha ushahidi moyo wake unaingia dhambini. Hata ile hadithi tunayopenda kuwaliwaza nayo wanyonge, kwamba dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Mungu, Mtume aliisema kumwonya Muadhi alipomtuma Yemen akiwa na madaraka juu ya mali za watu. Yaani aliambiwa mwenye uwezo wa kudhulumu. Anayeangalia dhuluma ikipita hakupewa ruhusa ya kuitumia hadithi hiyo kuwa mto wa kulalia.

Rafiki yangu Mkristo wa Masasi aliwahi kunisomea katika Biblia habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, lililotamaniwa na mfalme. Nilidhani aliyemwua ni mfalme. Kumbe mfalme alikuwa nyumbani amenuna. Barua ilipelekwa kwa wazee wa mji wake, wakapatikana mashahidi wawili wa uongo, na mji mzima ukaitikia. Mungu alimtuma nabii Eliya kwa mfalme, ndiyo, lakini Nabothi alikuwa ameshauawa.

Kisomo cha mama mdogo kilisomwa na hakuna kilichobadilika. Baadaye kikaitishwa kikao cha serikali ya kijiji, na pale akasimama mdogo wa marehemu, tumbo moja, mjomba wa vijana walewale. Alisema, "Siku anakabidhiwa nilikuwepo. Shimo la mche wa kwanza nilichimba mimi." Basi. Upande wa juu ukarudi kwa mwenyewe.

Wapwa hawakumsamehe. Hawakumsalimia tena, na msimu uliofuata hakupata hata mmoja wa kumpulizia mikorosho yake. Ukungu ukala maua, akavuna kidogo mno. Watu wakauliza, je, huyu ndiye Mungu aliyeahidi kuwakinga walioamini? Swali hilo silipuuzi. Hata pale Badri, watu 14 wa upande wa Mtume hawakurudi nyumbani, na majina yao yamo katika kisomo. Kwa hiyo siamini kwamba kukingwa ni kutopoteza kitu.

Nilichokiona ni hiki. Mzee yule kila alfajiri alikwenda msikitini kwa kukatiza katikati ya shamba lile, fimbo mkononi, na mama mdogo akimwona humwitia uji. Mimi kwa miaka sita, kila nilipokwenda kijijini, nilizunguka njia ya kisimani, ndefu na yenye mchanga mwingi, nisikutane naye. Shamba alirudishiwa bila neno langu hata moja. Mungu hakunihitaji. Mzee alikingwa na ile njia ya kisimani. Mimi sikukingwa.

Jirani nimemjibu. Ule mchango wa kisomo sitatoa, na nimemwambia sababu. Siku mawe yale yanawekwa nilikuwepo, mwisho mmoja wa kamba ya kupimia niliushika mimi. Aliyeyahamisha ni shemeji yangu. Jumatano saa tatu nitakuwa kwa mwenyekiti wa mtaa.