Zao la maabara likifika shambani

Ndani ya jani la ngano, mpunga au soya mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini, kiitwacho rubisko. Kazi yake ni kunasa hewa ya ukaa ili mmea ujitengenezee sukari. Tatizo ni kwamba takriban mara moja katika kila tano hunasa oksijeni, na mmea hupoteza nguvu nyingi kuondoa taka ya kosa hilo. Wataalamu wa baiolojia sintetiki, wanaounda upya jeni za viumbe, wakaona hapo pana pa kushika. Mwaka 2019, watafiti wa mradi ulioko Illinois, Marekani, walitangaza kuwa wameipatia tumbaku njia ya mkato ya kushughulikia taka hiyo, kwa kuunganisha jeni la mwani na jeni la boga. Ilipopandwa shambani, ilizidi tumbaku ya kawaida kwa uzito wa asilimia 40 hivi.

Watetezi wa mazao haya ya maabara wana haki ya kushangilia. Kasoro hii wazalishaji wa mbegu hawajaweza kuiondoa kwa kuchavusha na kuchagua, maana mzazi asiye nayo wa kumchavushia hayupo.

Ila tumbaku huvunwa jani, na hailiwi. Mkulima wa soya anataka punje. Mradi uleule ulibadilisha soya pia, kwa mbinu nyingine: jani lirudi kazini upesi baada ya kujikinga na jua kali. Matokeo yalitoka 2022. Msimu wa kwanza, aina iliyofanya vizuri zaidi iliongeza mavuno kwa asilimia 33. Msimu wa pili dhoruba ikailaza mimea chini, ikawa vigumu kusema lolote la uhakika. Vichwa vya habari, kama kawaida, vilibaki na ile 33.

Kwa wapinzani, hoja ya kuogopa kula jeni geni hainishawishi sana. Jeni la boga tunalila kila tunapokula boga. Nzito zaidi ni ya chavua, ambayo haijui mpaka wa shamba na huweza kufikisha jeni kwa magugu yenye undugu na zao. Nzito kuliko zote ni ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi: nani anamiliki mbegu?

Lakini hata hapo mchele wa dhahabu, uliotengenezwa ili kuwapa watu vitamini A, unatatiza hesabu. Ulitangazwa mwaka 2000, na wenye hataza wakakubali wakulima maskini wautumie bila malipo. Ufilipino iliruhusu ulimwe mwaka 2021. Aprili 2024 mahakama ya rufaa huko ikausimamisha, ikisema usalama wake haujathibitishwa vya kutosha. Mbegu ilitolewa bure, na bado imekwama.

Kwa hiyo nikiletewa mbegu ya namna hii, sitaanza kwa kuuliza jeni limetoka wapi. Nitauliza ilivuna nini msimu wa dhoruba, na kama naruhusiwa kubakiza debe moja la kupanda mwakani.