Garbage: bendi ya Shirley Manson au ya maprodyuza watatu?

Sisi tunaosikiliza rock hapa Mwanza tuko wachache, ubishi ukianza tu unajua kabisa nani atasema nini. Wiki hii mada ya Garbage, bendi ya rock ya Marekani yenye maprodyuza watatu na mwimbaji wa kike, Shirley Manson, imerudi tena kijiweni Kirumba, mtu aliweka albamu yao ya kwanza ya 1995 kwenye sabufa, jamaa mwingine akadakia kwamba hiyo siyo bendi, hao ni maprodyuza watatu wametafuta dada wa kuwaimbia wakamsimamisha mbele basi. (Mji tunauita Rock City na rock yenyewe huisikii popote, ila hilo tuliache.)

Kusema ukweli jamaa hajaongea pumba. Butch Vig alikuwa jina kubwa kabla ya Garbage, ndiye prodyuza wa Nevermind, albamu ya Nirvana ya 1991, na studio yao, Smart Studios ya Madison, Wisconsin, ilikuwa yake na Steve Marker, na wa tatu wao, Duke Erikson, alishapiga bendi na Vig huko nyuma. Hawa watatu walikuwa wanafanya rimiksi za kina Nine Inch Nails na Depeche Mode, yaani wanachukua wimbo wa mtu, wanabakiza sauti, vingine wanavijenga upya kwa magitaa na makelele ya mashine. Ule mlio ulizaliwa hapo, Shirley hayupo kabisa. Yeye ni Mskoti, Marker alimuona kwenye MTV kwenye video ya bendi yake ya Angelfish, wakamwita, odisheni ya kwanza ikawa mbovu, akaja kurudi baadaye ndo mambo yakakaa sawa. Kwa hiyo ukisema biti zilikuwa zinasubiri mtu wa kuingiza sauti, kama inavyofanyika kwenye studio nyingi tu hapa mjini, sikupingi sana. Hata wimbo wao wa Stupid Girl, ngoma yake ya msingi ni kipande cha wimbo wa The Clash, kimekatwa kinazungushwa.

Ila sasa hebu sikiliza Supervixen, ndio inafungua hiyo albamu. Magitaa yanaingia kwa fujo halafu yanakatika ghafla, kimyaaa, yanarudi tena, yanakatika tena. Ukimuwekea mtu asiyeujua anajua flashi imezingua, anaenda kuichomoa. Hiyo ni akili ya studio, sawa, lakini anapoingia Shirley hapigi kelele, anaimba chini chini ametulia kama hana haraka na mtu. Na hapo ndo utofauti ulipo, maana industrial, yaani rock ya makelele ya mashine, ya miaka ile, chukua Ministry, chukua Nine Inch Nails, ni mwanaume anapambana na mashine kwa kupayuka. Ukikaa na mafundi wa kuchomelea kule Nyakato utaona, fundi mzoefu hashindani na grainda, anakusogelea sikioni anaongea. Shirley anafanya hivyo hivyo. Hiyo hupati kwa kubonyeza kitu kwenye kompyuta, na magitaa yale yale ukimpa mtu wa kupayuka unapata bendi nyingine kabisa.

Halafu kuna jambo linanikera kidogo. The Downward Spiral ya Nine Inch Nails ya 1994, Trent Reznor, mwenye bendi na mwimbaji wake, aliprodyuzi pamoja na Flood, prodyuza mzito tu, mbona sijawahi kusikia mtu anasema ile ni kazi ya Flood na Reznor kawekwa mbele? Akiwa mwanamke ndo tunaanza kuuliza nani kamtengeneza. Nyimbo za Garbage zinaandikwa kwa jina la wote wanne, na mashairi ya mwanzo waliyokuwa nayo wale wazee yeye ndo aliyabadilisha yakawa na meno.

Wale wanaosema Garbage siyo industrial, ni pop iliyopakwa rangi, nao wana hoja, shabiki wa KMFDM, bendi ya industrial ya Ujerumani, atacheka. Na hata huo mchanganyiko hawakuuvumbua wao, bendi ya Curve ya Toni Halliday na Dean Garcia walishatoa albamu ya Doppelgänger 1992, sauti ya kike iliyotulia juu ya ukuta wa kelele. Asiyewajua awatafute.

Lawama ninayoikubali mimi ni nyingine, kwamba studio ilizidi. Version 2.0 ya 1998 ilishika namba moja Uingereza ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Grammy cha albamu ya mwaka, haina ubishi ni kali, lakini wamerekodi kwenye Pro Tools, programu ya kurekodia kwenye kompyuta, wakabandika vitu juu ya vitu mpaka ukiisikiliza kwenye sabufa lenye besi ya kibongo unasikia uji mtupu, sauti ya dada imezama, ni mpaka uvae hedifoni. Beautiful Garbage ya 2001 ndo wakapotea kabisa, kila wimbo una ujanja mpya, pop huku, R&B kule, ule mlio wa chuma umeyeyuka. Ya 2005 nairuka.

Lakini njoo Strange Little Birds ya 2016, wakiwa kwenye lebo yao wenyewe. Giza limerudi, vitu vimepunguzwa, kuna nafasi, na wimbo wa kwanza ni milio mizito ya kielektroniki na yeye yupo wazi pale mbele hana pa kujificha. Kama angekuwa amewekwa tu, ile albamu ingeanguka, na kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote baada ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo jamaa nampa nusu ya albamu ya 1995, kina Vig wangempata mwimbaji mwingine mzuri bado zile rifu za gitaa na zile ngoma zingesimama. Kuanzia 1998 simpi kitu. Yeye anasema nusu ndogo, anataka yote, na sabufa ni la kwake, kwa hiyo ile ya 2016 mpaka leo amegoma kuiweka.