Kamera Mwanjelwa: nani aamue mtaa uonekaneje?

Wapenda picha wanaozunguka mitaani Mbeya wakisaka sura halisi ya jiji hawaishi kugombana na wafanyabiashara. Kijana anainua kamera sokoni Mwanjelwa, muuza ndizi anang'aka: "Unanipiga ya nini? Umeniomba?" Kijana naye ana lake: ukiomba kwanza, picha imekufa, maana mtu anakakamaa kama anapigwa ya pasipoti.

Hoja hiyo si ya kubeza. Mbeya, mji uliokua na dhahabu ya Lupa miaka ya 1920, husifiwa kwa milima na baridi. Mitaa yake haina wa kuisemea. Anayepita na basi la kwenda Tunduma huondoka na sura ya maduka ya kando ya lami tu. Hajui utulivu na miti ya mtaa wa Forest, wala vurugu za bajaji na viroba vya viazi Mwanjelwa. Halafu mitaa hupotea. Soko la zamani la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na lililojengwa baadaye ni jengo la namna nyingine kabisa. Aliyewahi kupita vichochoro vile akipiga picha ovyo ovyo, bila kumsimamisha mtu, leo ana hazina.

Lakini mama wa sokoni akikataa, hakatai kwa ushamba. Sura yake inaweza kuibukia kwenye tangazo la watu asiowajua, au mtandaoni ikageuzwa kichekesho. Wengine waliahidiwa kutumiwa picha WhatsApp, hawakuona kitu. Na kuna hili la uchaguzi: mpiga picha mgeni hupenda tope la masika na mwavuli uliochanika, eti ndiyo "uhalisia", huku nyanya alizozifuta mama yule moja moja tangu asubuhi zikibaki nje ya fremu. Tope lipo, sikatai. Ila nyanya nazo zipo.

Mimi naegemea upande wa kuomba, na si kwa sababu ya adabu tu. Mtazame muuza viazi aliyekubali. Anafunga upya kitenge, anaongeza viazi viwili juu ya sado ili kilima kikae sawa, anaigeuza ile yenye viazi vikubwa ielekee kwenye kamera. Ndipo anasimama wima, hacheki. Mpiga picha atalalamika kwamba ameigiza. Mbona hiyo ndiyo kazi yake siku nzima? Sokoni watu huishi kwa kupanga kitu kivutie, na picha iliyokamata mpangilio huo imeeleza Mwanjelwa kuliko uso ulioibiwa ukipiga miayo.

Kuomba kuna mwisho wake, lakini. Huwezi kuomba ruhusa kwa umati mzima unaoshusha mizigo alfajiri. Hapo rudi nyuma, chukua fremu pana, acha nyuso. Ila usirudi nyuma mno. Iringa wengi hupanda jiwe la Gangilonga jioni, wakapiga mji mzima kutoka juu. Hakuna anayekwazika, na mwanga ni mzuri mno. Tatizo ni mabati: kwa pale juu mitaa ya Miyomboni na Mlandege ni paa moja tu. Picha ya kadi ya salamu umeipata. Mtaa bado uko kule chini, na ukiutaka itabidi ushuke na kamera yako, ukakubali kuulizwa unapiga ya nini.