Mizani Peke Yake Haiimbi

Ukianza mjadala wa ushairi wa Kiswahili, haupiti muda watu wameshaanza kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Nazipenda sheria hizo za utunzi. Mshairi Amri Abedi alizieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954, na mtunzi asiyezijua anajinyima mengi. Ila kuhesabu si kuimba. Tazama mstari huu niliotunga kwa ajili ya mfano:

*Mume wangu hanijali, na nyumba naiendesha.*

Mizani 8 kwa 8, jumla 16. Hauna kosa, lakini ni taarifa tu. Sasa soma hii, kwa sauti:

*Tanga limepasuliwa, nahodha usingizini,*
*Abiria wamepewa, makasia mikononi.*

Hesabu ni ileile, mambo ni mengine. Mke aliyetelekezwa atajiona humo. Mpiga kura naye atajiona. Hakuna aliyetajwa jina, na vina vya *wa* na *ni* vinarudi na kurudi kama kasia lenyewe majini. Fumbo na sauti vimeshikana hata huwezi kutoa kimoja ukabaki na kingine. Huo ndio utamu ninaoutafuta, kwenye wimbo au kwenye kitabu.

Ndiyo maana taarab asilia naiheshimu mno. Mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, aliporekodi Bombay mwaka 1928, alipeleka kwenye santuri Kiswahili cha watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Zanzibar, pamoja na visa vyao na dhuluma walizozijua. Na hadi leo ukumbini, msikilizaji huinuka kwenye ubeti unaomgusa, akaenda kumtunza mwimbaji taratibu, noti mkononi, huku wengine wakijiuliza anapigwa nani kijembe. Hainukii kinanda. Ameinuliwa na neno.

Wapo wanaodhani bila vina hakuna wimbo. Mshairi Kezilahabi alipotoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974, wanamapokeo, yaani watetezi wa sheria za zamani, walikasirika kweli. Mimi nasema mashairi yale yana mapigo yake. Yasome polepole uone pumzi inavyokatika palepale alipotaka yeye.

Kinachoniuma ni nyimbo nyingi za sasa ambazo mdundo ukizimwa, hakibaki kitu cha kusema. Vijana wenye vipaji wapo, tena wengi. Watangazaji wa redio wangewaalika studio wayaghani maneno yao makavu, bila ala, kabla wimbo haujapigwa.