Dakika Kumi za Utafiti: Kikatwe Nini?

Mtafiti akija Kigoma kueleza makala yake mbele ya wavuvi, maofisa uvuvi na wanafunzi, mara nyingi huambiwa: dakika kumi, basi. Naunga mkono kubana muda, ila inategemea kinachokatwa.

Tuchukue makala ya Catherine O'Reilly na wenzake, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2003. Kiini chake hakihitaji slaidi arobaini. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto na upepo umepungua, hivyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani. Virutubisho vinabaki vilindini, na mwani, ambao ndio chanzo cha chakula cha dagaa, unakosa rutuba. Mvuvi wa Kibirizi, hapo Kigoma, ameshakuelewa. Mtoa mada anayemaliza nusu ya muda akisoma majina ya waliotangulia kuandika anawachosha watu bure (wengine hapo wanasubiri soda tu).

Wanaoogopa ufupi nao wana hoja nzito. Ukizidi kubana, makala hiyo inabaki hivi: joto limepunguza samaki kwa asilimia 30. Haikusema hivyo. Watafiti walipima tabaka za matope ya chini ya ziwa, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa takriban asilimia 20. Hiyo 30 ni makisio yaliyotokana na hapo. Katika utafiti huo hakuna aliyehesabu samaki mwaloni. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walipinga: kwao, takwimu za samaki wanaovuliwa zinaonyesha zaidi jinsi uvuvi wenyewe ulivyobadilika kuliko hali ya hewa. Aliyepewa ile sentensi moja hajui hata kama kuna ubishi. Na ubishi huu si wa wasomi peke yao. Upande wa Tanzania uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Aliyeanika nyavu miezi mitatu ana haki ya kujua ni kiasi gani cha upungufu wa samaki kinatokana na nyavu zake na kiasi gani kinatokana na joto.

Kwa hiyo zikatwe shukrani, historia ndefu na majedwali yasiyosomeka kutoka viti vya nyuma. Kilichopimwa, kilichokisiwa na anayepinga vibaki, hata kama vitakula dakika tatu nzima. Muda ukipungua, ipunguzwe hotuba ya mgeni rasmi.