Umeme wa Jua Kutoka Angani: Tuhofie Roketi Kuliko Mwale

Mjadala wa umeme wa jua kutoka anga za juu huishia kila mara kwenye swali lilelile: ule mwale wa kuuleta umeme duniani hautatuchoma? Ni swali halali, ila jibu lake lipo. Mengine hayajajibiwa.

Wazo hili alilitoa Peter Glaser mwaka 1968. Setilaiti huwekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako huzunguka sambamba na dunia na hivyo haiondoki juu ya kituo chake. Huko jua hutoa wati 1,361 hivi kwa kila mita ya mraba, bila mawingu na karibu bila usiku: kivuli cha dunia huifikia tu katika majuma ya kandokando ya Machi 21 na Septemba 23, kwa dakika zisizozidi 72 kwa siku. Umeme wa paneli zake hugeuzwa mawimbi ya maikrowevu na kurushwa chini, ambako uwanja wa antena zenye dayodi (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), yaani rektena, huyarudisha kuwa umeme.

Katika mchoro wa gigawati 5 uliochambuliwa na NASA pamoja na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, mwale una wati 230 kwa mita ya mraba katikati ya rektena. Hiyo haifiki robo ya jua kali la adhuhuri. Ukingoni hushuka hadi wati 10, kiwango ambacho miongozo ya kimataifa inakiruhusu kwa umma. Isitoshe, rektena hutuma ishara ya kuuongoza mwale; ishara ikikatika, vipande vya antena ya juu hupoteza mpangilio na mawimbi hutawanyika. Katikati ya uwanja patahitaji uzio, basi. Hii si silaha.

Kinachonisumbua ni ukubwa. Kipenyo cha doa la mwale hupatikana kwa kuzidisha 2.44, urefu wa wimbi na umbali, kisha kugawa kwa kipenyo cha antena. Kwa gigahezi 2.45, wimbi lina sentimita 12. Antena ya kilomita 1 huleta doa la karibu kilomita 11, na antena ya mita 100 huleta doa la zaidi ya kilomita 100. Hakuna kuanza kidogokidogo. Jaribio la angani la Caltech, chuo cha California, la mwaka 2023, ambalo mawimbi yake yalinaswa chuoni kwao Pasadena, lilithibitisha kwamba mwale unaweza kuelekezwa, si kwamba umeme wa kutosha unaweza kufika. Na antena hiyo ya kilomita, yenye upande mmoja juani na mwingine kivulini, hujikunja kwa joto, ilhali mkengeuko wa milimita chache tu usiposahihishwa huanza kuumwaga mwale nje ya uwanja.

Ukubwa ni uzito, na uzito ni roketi. Ripoti ya NASA ya Januari 2024 ilipima michoro miwili ya gigawati 2: mmoja tani 5,900 hivi, mwingine tani 10,000. Kituo cha Kimataifa cha Anga kina tani 420 hivi. Kila mchoro ulihitaji safari zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za kubeba mafuta ya kuusukuma mzigo hadi obiti ya juu, na bei ya umeme ikatoka kati ya dola 0.61 na 1.59 kwa kilowati-saa.

Watetezi hujibu kwa gramu za kaboni kwa kila kilowati-saa, ambazo kwa kweli si mbaya. Lakini gramu hizo hazielezi masizi ya roketi yanaachwa wapi. Masizi ya chini huoshwa na mvua. Yaliyoachwa stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua, hukaa miaka, yakifyonza jua na kupasha hewa inayobeba ozoni. Roketi za methani hutoa masizi machache kuliko za mafuta ya taa, ila huacha mvuke wa maji kulekule.

Halafu kuna mabaki. Setilaiti iliyochoka kwenye obiti hiyo husukumwa kilomita 300 hivi juu zaidi na kuachwa. Kwa chombo cha tani chache, sawa. Paneli nyembamba zenye upana wa kilomita hutobolewa na vimondo vidogo na kumwaga vipande vyepesi ambavyo mgandamizo wa mwanga wa jua huvitoa njiani, na kimo hicho hakina hewa ya kuvivuta chini.

Fedha za utafiti wa antena na rektena zitolewe, sina ubishi. Ila mradi wowote wa kurusha tani elfu uje na hesabu mbili mezani: masizi kwa kila kimo cha hewa, na mafuta yaliyotengwa kuondoa kila tani iliyopandishwa.