Filta ya Paundi 15 na Ule Ugonjwa Wetu wa "Ng'oa, Ziba, Twende"

Huku Uingereza gari la petroli lililoanza kutumika kuanzia Julai 2003 linafeli MOT, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwa taa moja tu ya njano kwenye dashibodi. Breki zinashika, tairi mpya, moshi unasoma vizuri kwenye mashine, lakini cheki injini inawaka: umefeli, rudi nyumbani. Utaratibu huo ulianza Mei 2018 na bado kila mwaka unanikera, hasa taa inapowashwa na kitu kidogo kama filta ya pampu ya hewa. Kitu chenyewe ukimwonyesha fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, atakigeuzageuza mkononi na kukuuliza, "Hiki nacho cha nini bosi? Si tukitoe tu?"

Hapo ndipo hasira yangu inapohama kutoka kwa Waingereza na kurudi nyumbani.

Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha Bongo, IST, Vitz na wenzao, hayana pampu hii, kwa hiyo sishangai wengi hamjawahi kuiona. Iko kwenye Volkswagen na Audi nyingi za petroli, BMW kadhaa, na zile Tundra za Marekani. Ni feni ya umeme ndani ya kopo la plastiki. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, kontroliboksi, yaani kompyuta ya injini, inaipa petroli nyingi na sehemu yake inatoka bila kuungua. Pampu inapuliza hewa safi kwenye matundu ya eksozi pale pale kichwani mwa injini, petroli ile inamalizikia kuungua humo, na joto lake linaamsha mapema masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la eksozi. Inafanya kazi dakika moja, moja na nusu, kisha inazima. Ule mlio wa mashine ya kukaushia nywele unaousikia asubuhi kwenye Golf ya jirani ndio huo.

Najua jibu linalokuja: "Hayo ni mambo ya nchi za baridi." Hapana. Masega yanaanza kazi yakifika nyuzi kama 300 hivi. Ukiwasha gari Manchester kwenye nyuzi 5 au Mbagala kwenye nyuzi 30, safari iliyobaki mpaka 300 ni karibu ile ile. Tofauti ni kwamba Mbagala masega yenyewe yalishakatwa yakauzwa, na hilo si suala la hali ya hewa.

Sasa twende kwenye gari lililochezewa, yaani lililobadilishwa vifaa vya kiwandani. Tuchukue Audi TT au Golf ya 1.8 turbo, maana ndiyo inayochezewa sana huku. Kutoka kiwandani pampu haina filta yake. Inavuta hewa kwa mpira kutoka kwenye boksi la ea klina, sehemu ambayo hewa imeshachujwa lakini haijapita kwenye sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita eaflo. Kijana ananunua filta ya koni, anatupa boksi zima, injini inavuta kwa kelele anazozitaka, na mpira wa pampu unabaki unaning'inia. Hapo makosa ni matatu na yote nimeyaona kwenye magari ya watu. Wapo wanaouacha wazi: pampu inameza vumbi na maji ya mvua, fani zinaliwa, plastiki inayeyuka. Wapo wanaouziba kwa kizibo: pampu inahangaika bila hewa, na kontroliboksi inaandika kodi ya kosa P0411, yaani mtiririko wa hewa ya pampu si sahihi. Wa tatu ndio wanaojiona wajanja. Wanatoboa bomba baada ya eaflo na kuchomeka mpira pale. Eaflo imeshahesabu hewa ile kuwa inakwenda injini, petroli imeshapimwa kwa hesabu hiyo, halafu pampu inaiba sehemu. Mchanganyiko unakuwa mzito wakati ule ule injini ikiwa baridi, ambapo sensa ya eksozi bado haijapata joto la kurekebisha chochote. Umeongeza moshi kwa kifaa cha kupunguza moshi.

Dawa ni kuipa pampu filta yake ndogo. Huku haizidi paundi 15 au 20, lakini usinunue kwa macho. Chukua kalipa upime mdomo wa kuingizia hewa, kwa nje. Filta hizi zinauzwa za 9 mm, 12, 18, 25 na zaidi, na zile za 9 na 12 zimetengenezwa kwa ajili ya kupumulia injini, kutoa mvuke wa oili. Ukiibana pampu kwenye tundu la 12 wakati mdomo wake ni mara mbili ya hapo, umeiziba robo tatu ya njia yake, na P0411 itarudi palepale. Chagua kavu, ya karatasi au sponji. Ya pamba iliyolowekwa oili inatema oili ndani ya feni ikiwa aliyeiloweka alikuwa na mkono mzito.

Mpira wa kiwandani una kichwa cha kubonyeza pande mbili ndipo kichomoke. Usiuvute kwa nguvu. Plastiki ya miaka ishirini inakatika kama biskuti, na ikikatika kwenye shingo ya pampu umenunua pampu. Mimi napendekeza usichomeke filta moja kwa moja kwenye pampu, maana pampu iko chini na tairi linarusha maji. Chukua kipande cha mpira wa silikoni, kiungio cha alumini, klipu mbili za kukaza kwa bisibisi, upandishe filta juu ya usawa wa taa, mbele, mbali na turbo ambayo kwenye injini hizi iko nyuma upande wa kabini. Mpira usiwe na kona kali wala bonde katikati; bonde linatunza maji. Klipu kaza mpaka mpira usizunguke kwa mkono, kisha acha. Anayeongeza "kidogo tu" ndiye anayepasua shingo.

Ila kabla ya yote hayo, kagua valvu. Hili ndilo watu wanaliruka, halafu wanalaumu filta. Kati ya pampu na eksozi kuna valvu inayofunguliwa kwa vakyumu. Ikishindwa kufunga, gesi ya eksozi na maji yake inarudi nyuma, inaingia kwenye pampu na kuiozesha kutoka ndani. Chomoa mpira upande wa valvu uangalie ndani: kukiwa na masizi meusi, valvu inavuja, na filta hata ya dhahabu haitakusaidia. Washa injini ikiwa ya moto. Pumzi isitoke pale. Ukiwa na pampu ya mkono ya vakyumu, ivute valvu uone kama inashikilia. Pitia pia mipira midogo ya vakyumu, ya saizi ya mrija wa soda, inayopasuka upande wa chini ambako jicho halifiki.

"Kaka, umekaa ulaya miaka mingapi mpaka unatufundisha filta? Sisi tuna foleni, mafuta yamepanda, wewe unaleta pampu ya hewa." Nimeshakusikia kabla hujaandika. Wala sisemi Mzungu ni msafi kuliko sisi. Nusu ya vijana wa huku wenye magari ya kuchezewa wanafanya yale yale: wanang'oa pampu, wanaweka kibati chenye bolti mbili, wanamlipa mtu wa laptopu aifute pampu kwenye programu. Na wanapita, maana mashine ya moshi inapima injini ikiwa ya moto, saa ambayo pampu imeshazima. Anayewasumbua ni taa tu, pamoja na karatasi ya kila mwaka. Ustaarabu haumo kwenye hesabu hii.

Lakini ile karatasi ndugu zangu, ina meno. Kila MOT iliyofeli inabaki mtandaoni, na yeyote mwenye namba ya gari anaisoma bure: tarehe, kilichofeli, maili zilizokuwa kwenye saa. Wewe unayeagiza gari kutoka Uingereza, hilo ni lako pia. Ukiona taa ya injini imefelisha mwaka mmoja na mwaka uliofuata imepita bila gari kwenda mbali, jiulize kama waliitengeneza au waliiua. Kwetu taa hiyo inaunganishwa waya mmoja na taa ya oili, zinazima pamoja, gari linauzwa "halina tatizo lolote, mwenye nalo anasafiri." Mnajua ninachosema.

Kinachoniuma ni kwamba ufundi tunao. Mpe fundi wa Gerezani kazi hii hatasubiri kiungio cha alumini kutoka mtandaoni. Atachonga kutoka kwenye bomba la kochi, atakata mpira wa rejeta ya Fuso, na kitakaa miaka. Nimetazama kazi za gereji za huku zinazotoza kwa saa na sijaona mkono mwepesi kama ule. Tatizo ni kwamba mkono huo tumeuzoesha kutoa. Hakuna mteja anayemlipa arudishe kitu. Akisema "hii inahitaji filta mpya na valvu ikaguliwe," mteja anamwita mwizi; akisema "tunaitoa, inakuwa nyepesi," anapewa ya soda. Kwa hiyo msinitafsiri kuwa namsimanga fundi. Namsimanga mwenye gari, na mwenye gari ni sisi, pamoja na sisi tulioko huku tunaotuma hela na kusema kwenye simu, "Mwambie aizibe tu, nikija Desemba tutaona."

Halafu kwa vumbi la nyumbani filta hii ina kazi kuliko ya huku. Njia ya udongo wiki mbili, sponji imekuwa kahawia. Huku mtu anaisahau mwaka. Kule iangalie kila unapomwaga oili, ikung'ute, na ikianza kumeguka ukiibonyeza kwa kidole itupe, kwa sababu vile vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye feni na vingine kwenye valvu, na valvu ikibanwa na kipande cha sponji haifungi tena.

Kujua kama kazi imekubali, futa kodi za makosa kwenye kontroliboksi, kisha usiguse gari usiku mzima. Mashine ya dayagnosi ya jioni haikwambii kitu. Taa yenyewe mara nyingi inasubiri kosa lijirudie safari ya pili. Asubuhi fungua boneti, mwenzako awashe, wewe sogeza kipande cha tishu kwenye filta. Tishu ing'ang'anie pale. Mlio utakuwa mkubwa kuliko wa zamani kwa sababu boksi lililokuwa linauficha umelitupa, usishtuke. Hesabu. Ukizima kwenye sekunde ya 5, angalia fyuzi ya bapa juu ya betri na rilei. Ukifika sekunde 60 na zaidi, tishu ikadondoka yenyewe na injini ikatulia kwenye sailensa yake, ule mzunguko wa chini wa gari lililosimama, funga boneti.